Mizani 16 kwenye kioo cha simu: historia ya upana uliogoma kuongezeka



Kuna jambo limenishughulisha kwa muda na naomba nilimwage hapa, maana najua humu mna watu wa fasihi, watu wa historia na hata wahandisi wawili watatu wanaopenda kujificha. Shairi letu la kawaida lina mishororo minne, kila mshororo mizani 16, nane za ukwapi na nane za utao. Simu za leo zinauzwa kwa sifa ya vioo vikubwa na nukta mamilioni. Iweje basi mshororo mmoja tu wa mizani 16 ushindwe kukaa kwenye mstari mmoja wa simu?

Si swali la mchezo. Wanafunzi wangu hapa Johannesburg wengi ni vijana wenye asili ya Lubumbashi na Bukavu waliokulia Yeoville, na wachache ni Wazulu na Wasotho waliovutiwa na Kiswahili. Vitabu vya Kiswahili mjini humu ni adimu kama maziwa ya kuku, kwa hiyo wanasoma kwenye simu. Niliwapa shairi la tarbia, kijana mmoja akaniambia kwa uhakika kabisa, "Mwalimu, huu ni utenzi, una beti mbili." Nikachukua simu yake nikatazama. Ni kweli, kila kipande kilikuwa kimekaa mstari wake, mistari minane ya mizani nane nane. Alisema alichokiona. Ilibidi nimwonyeshe kwa vina: utenzi vipande vitatu vya mwanzo huchukua kina kimoja na cha nne hubeba bahari, hapa vina vinapishana moja kwa moja mpaka chini. Akaelewa. Lakini wangapi wanasoma peke yao ndani ya basi, bila mtu wa kuwaonyesha?

Sasa basi, ili kujua nani amelikata shairi lile inabidi tujue umbo la kioo lilitoka wapi.

Halikutoka kwa watu wa simu. Mwanzoni mwa miaka ya 1890, katika maabara ya Thomas Edison kule New Jersey, William Dickson alichukua utepe wa filamu wa milimita 35, akautoboa matundu pembeni, na kila picha akaipa urefu wa matundu manne. Kwa upana uliobaki kati ya matundu, picha ikawa 4 kwa 3. Hapo hakuna falsafa yoyote ya jicho la binadamu, ni matundu tu. Televisheni ilipokuja ikarithi 4 kwa 3 hiyo hiyo. Hollywood nao, kwa kuogopa watazamaji watabaki sebuleni, wakatanua pazia: Cinerama mwaka 1952, CinemaScope 1953. Miaka ya 1980 mhandisi Kerns Powers akawa anatafuta umbo la televisheni mpya litakalopokea picha za zamani na zile pana bila kuonea upande wowote, akafikia 16 kwa 9. Ukichukua 1.33 na 2.35 ukazizidisha, kisha ukatafuta kipeuo cha pili, unapata takriban 1.77. Ukigawa 16 kwa 9 unapata 1.78. Ni suluhu, kama zile za wazee wa mtaa wanapogawa kiwanja katikati.

Afrika Kusini iliingia kwenye ugomvi huo kwa kuchelewa, tena kwa makusudi. Waziri wa posta Albert Hertzog aliikataa televisheni miaka yote aliyokuwa na wizara hiyo, akiamini itawaharibu watu wake. SABC ilianza kurusha rasmi kutoka Auckland Park, hapa hapa Johannesburg, tarehe 5 Januari 1976. Wakati huo Kenya ilikuwa na televisheni tangu 1962, Uganda tangu 1963, na Zanzibar walikuwa wameshawasha ya rangi. (Wazanzibari humu naona wameshaanza kutabasamu. Haya, tabasamuni.) Sote hao, waliowahi na waliochelewa, tulipokea kisanduku cha 4 kwa 3. Ndiyo maana filamu za marehemu Kanumba, nyingi zilizopigwa kwa umbo hilo, zilipokuja kuonyeshwa kwenye televisheni mpya za 16 kwa 9 watu walinenepa ghafla. Mtu anavuta picha ijaze kioo, na bibi harusi anakuwa mpana kama mlango wa Unguja.

Lakini simu ya mkononi haikuanza na picha, ilianza na maandishi, na hapo ndipo habari inapotuhusu sisi.

Vodacom na MTN zilianza kazi Afrika Kusini mwaka 1994. Simu iliyokuja kuenea kila mahali baadaye, na ambayo wengi wetu tuliishika, ni Nokia 3310 ya mwaka 2000. Kioo chake kilikuwa nukta 84 kwa 48, nyeusi juu ya kijani. Ukigawa 84 kwa 48 unapata 1.75, karibu kabisa na 16 kwa 9, ingawa pale hakuna aliyekuwa akiwaza sinema. Ukiipa kila herufi nukta 6 pamoja na nafasi yake, mstari unachukua herufi 14. Miaka mitatu baadaye ikaja Nokia 1100, ile ya tochi, nukta 96 kwa 65, herufi 16 kwa mstari.

Herufi 14! Kwa Mwingereza zinatosha maneno matatu. Kwetu neno moja, "utakaponipigia", lina herufi 14 kamili na linamaliza mstari. "Hawakutufahamisha" lina 17, halienei. Na hili halikuwa tatizo letu peke yetu. Jirani yangu Mzulu alikuwa nalo, jirani yangu Msotho hakuwa nalo sana, na wote wawili wanazungumza lugha za Kibantu zenye viambishi vile vile. Tofauti ni tahajia. Kizulu huandika viambishi vimeshikana na mzizi, Kisotho huviachanisha. Aliyepigania mtindo wa kushikanisha kwa hoja nzito kuliko wote ni Clement Doke, aliyefundisha hapa Johannesburg katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, na sarufi yake ya Kizulu ilitoka mwaka 1927. Hoja yake ilikuwa ya kiisimu na mimi naikubali: neno ni kile kinachotamkwa chini ya mkazo mmoja. Lakini ndiyo hivyo, profesa wa Johannesburg wa miaka ya 1920 na mhandisi wa Finland wa miaka ya 1990 walikutana kwenye kioo cha nukta 84, wala hakuna hata mmoja aliyejua kuwa ana miadi na mwenzake.

Kilichotuokoa wakati ule ni ujumbe wenyewe. SMS ina herufi 160, hesabu inayohusishwa na Mjerumani Friedhelm Hillebrand, ambaye mwaka 1985 alikaa Bonn akihesabu herufi za sentensi za kawaida. Kiufundi ni baiti 140, zikigawanywa kwa herufi za biti 7 unapata 160. Sasa chukua mshororo wowote wa mizani 16. Nautunga hapa hapa ili nisiazime cha mtu:

Simu yangu mkononi, mbona wanivunja kina

Hesabuni pamoja na nafasi na mkato: herufi 40. Mara nne, 160. Ukiongeza vituo vitatu vya kushuka mstari unazidi kidogo, lakini mishororo mingine ni mifupi zaidi ya huo. Yaani ubeti mzima wa tarbia unaingia kwenye SMS moja karibu sawasawa, kama kanzu iliyopimwa. Wapenzi waliotumiana beti kwa SMS miaka ile walikuwa na chombo kilichowatosha bila kukiagiza. Kioo kilivunja mshororo mara tatu, hilo kweli, lakini kilivunja kila kitu kwa kila mtu, kwa hiyo hakuna aliyedhani kuwa umbo lile ndilo shairi. Msomaji aliunga vipande kichwani, kwa sikio.

Wenyeji wetu huku walilitumia dirisha hilo dogo kwa bidii kuliko sisi. Mxit, programu ya kuandikiana iliyoanzishwa na Herman Heunis kule Stellenbosch, ilienea kwa vijana kuanzia kati ya miaka ya 2000 kwa sababu ilikubali simu za bei nafuu zenye Java. Mwaka 2009 mradi uliofadhiliwa na Shuttleworth Foundation na kuongozwa na Steve Vosloo ukatoa hadithi iitwayo Kontax, kwa Kiingereza na Kixhosa, ya kusomwa kwenye simu tu, sura fupi fupi. Kixhosa nacho ni cha maneno marefu yaliyoshikana. Hawakungoja kioo kikue. Waliandika aya zenye sentensi mbili tatu, wakaweka mazungumzo mengi, na watoto wakasoma. Mimi naona lile lilikuwa tendo la kifasihi la maana, na inanisikitisha kwamba katika makongamano yetu ya fasihi ya Kiswahili nimelisikia likitajwa mara chache mno.

Halafu ikaja BlackBerry. Miaka ya 2010 hadi 2012 hapa Johannesburg ukipanda basi kila kijana yuko kwenye BBM. BlackBerry Curve 8520 ya mwaka 2009 ilikuwa na kioo cha nukta 320 kwa 240, kimelala, 4 kwa 3 ya Dickson ile ile, kwa sababu chini yake palikuwa na vitufe vya herufi. Watu wa teknolojia wanaicheka leo. Lakini fanyeni hesabu: herufi ya wastani wa nukta 7 au 8, mstari unabeba kati ya 40 na 45. Mshororo wa mizani 16 unaingia mzima! Nokia E71 ya 2008 ilikuwa na nukta hizo hizo. Nathubutu kusema kwamba hizo ndizo simu zilizolifaa zaidi shairi la Kiswahili, na zilizikwa bila tanzia.

Waliozizika ni simu za kugusa. iPhone ya kwanza, 2007, ilikuja na nukta 320 kwa 480, imesimama, 3 kwa 2. Upana wake ni nukta 320, sawa na urefu wa ile BlackBerry iliyolala, lakini sasa kidole ndicho kinachobonyeza, na kidole kinataka nafasi, kwa hiyo herufi zikawa kubwa. Mwaka 2010 iPhone 4 ikazidisha nukta mara mbili kila upande, 640 kwa 960. Sasa hapa tusikilizane vizuri, maana ndipo kiini cha habari kilipo. Nukta ziliongezeka mara nne, herufi kwenye mstari hazikuongezeka hata moja. Programu ziliendelea kupimwa kwa nukta za hesabu 320, na kila nukta ya hesabu ikachorwa kwa nukta nne za kweli. Herufi ikawa laini, ikapendeza, lakini mahali pake pakawa pale pale.

Android nao wakafuata njia hiyo hiyo, kwa vipimo vyao. Simu ya nukta 720 kwa 1280 kama Galaxy S III ya 2012 ina upana wa hesabu 360. Zikaja za 1080 kwa 1920, upana wa hesabu 360. Zikaja za 1440 kwa 2560, upana wa hesabu, mmeshakisia, 360. Toa pambizo, tumia herufi ya kawaida ya kusomea, unabaki na nafasi ya herufi kama 40. Mshororo wangu wa herufi 40 unaning'inia ukingoni kama mtu aliyeshika mlango wa daladala. Ukipata neno refu kidogo tu, utao unadondoka. Ndani ya kisanduku cha ujumbe wa WhatsApp, ambacho hakijazi upana wote wa kioo, unadondoka karibu kila mara. Tena unadondokea popote, si kwenye kituo. Ndipo watunzi wa makundi ya WhatsApp wakaanza kujikinga kwa kukata wenyewe kila kipande na kukiweka mstari wake. Na hapo ndipo yule kijana wa Yeoville alipouona utenzi.

Mtu atauliza, mbona simu zimekuwa kubwa hivi? Zimekuwa ndefu, hazikuwa pana. Kuanzia 2017, LG G6 ilipoleta 18 kwa 9 na Galaxy S8 ikaleta 18.5 kwa 9, vioo vimekuwa vikivutwa kwenda juu. Mwaka 2019 Sony walifika 21 kwa 9. Galaxy S III iliyokuwa ya inchi 4.8 ilikuwa na mwili wa upana wa milimita 70.6. Galaxy S8 ya inchi 5.8 ina upana wa milimita 68.1. Inchi moja imeongezeka na simu imepungua upana! Sababu ni kiganja. Kiganja cha mtu hakikukua kati ya 2012 na 2017, na simu inayozidi upana fulani haishikiki kwa mkono mmoja. Kwa hiyo nafasi pekee ya kukulia ilikuwa juu.

Na inchi zenyewe zina ujanja wake. Ukipita kwenye maduka ya simu katikati ya mji huu, muuzaji anakupigia kelele za inchi, na inchi hupimwa kutoka pembe hadi pembe, kwa mshazari. Chukua kioo cha inchi 6 cha 16 kwa 9: upana wake ni kama milimita 75. Chukua inchi 6 ile ile ya 20 kwa 9: upana ni kama milimita 62 na nusu, na eneo lote limepungua kwa kiasi cha asilimia 12. Ni sawa na kununua kitambaa kwa kupima pembe ya doti badala ya mapana na marefu. Bibi zetu wasingekubali, wangemrudishia muuzaji kanga yake.

Kuna waliodhani tukitengeneza wenyewe mambo yatabadilika. Oktoba 2019 Ashish Thakkar, mfanyabiashara mwenye asili ya Uganda, alifungua viwanda viwili vya simu za Mara, kimoja Kigali na kimoja Durban, na Rais Ramaphosa mwenyewe alikuwepo Durban. Kile cha Durban kilikuwa kimeshafungwa kufikia 2022. Nilifurahi kilipofunguliwa na niliumia kilipofungwa, lakini hata kingedumu, vioo vya simu hukatwa kutoka mabamba makubwa katika viwanda vya China, Korea Kusini, Japani na Taiwan, kwa vipimo vya wateja wakubwa. Uwiano huamuliwa huko. Kigali na Durban wangeamua rangi ya boksi.

Sasa nirudi kwetu, maana najua kuna wenzetu watakaosema shairi limeharibiwa na simu na vijana. Mimi siko upande huo. Umbo la beti zetu lilishabadilika kabla ya simu. Katika miswada ya hati za Kiarabu, mara nyingi ubeti mzima wa utenzi uliandikwa kwenye mstari mmoja, vipande vinne vikitenganishwa kwa alama, na kina cha bahari kikashuka ukingo wa kushoto kutoka juu hadi chini, kimenyooka kama mlingoti. Jicho lilifuata bahari kabla hata ulimi haujasoma. Hati za Kirumi na mitambo ya chapa zilipoingia, katika vitabu vingi mstari ule ukakatwa vipande vinne, kimoja chini ya kingine, na ule mlingoti ukapotea. Sisi tuliosoma kwa vitabu tukadhani ndivyo utenzi ulivyokuwa tangu enzi. Kwa hiyo tusimcheke sana yule kijana, kwa maana kosa lake na letu ni ndugu.

Picha za miswada hiyo leo zinapatikana mtandaoni, SOAS London wameweka nyingi, na wanafunzi wangu huzifungua kwenye simu. Ukurasa wa umbo la 3 kwa 4 kwenye kioo cha hesabu 360 kwa 800 hujaza upana wote na kuchukua urefu wa 480. Zinabaki 320 tupu, asilimia 40 ya kioo ni weusi juu na chini, na maandishi ni madogo kama chawa. Ukivuta picha ili usome, bahari inatoka nje ya kioo. Simu za kukunjwa, kama Galaxy Fold ya 2019 yenye nukta 1536 kwa 2152 ikifunguliwa, zinakaribia umbo la ukurasa wa kitabu, na juu yake mswada hukaa vizuri. Niliiona moja Sandton, nikauliza bei, nikatoka dukani taratibu.

Nilichofanya darasani ni hiki, na wenye kupinga wapinge. Nimekataa kuviacha vipande vyote vianzie ukingo mmoja, na nimekataa pia kuiachia programu ikate inapotaka. Ukwapi unaanzia ukingoni. Utao unashuka mstari wa pili na kuingizwa ndani kwa nafasi ya herufi nne, hivi:

Simu yangu mkononi,
    mbona wanivunja kina

Kila mshororo unachukua mistari miwili, na kati ya ubeti na ubeti naacha mstari mtupu. Urefu simu inao wa kumwaga, tutumie huo. Kipande kirefu cha herufi 21 pamoja na nafasi nne ni 25, hata mzee aliyekuza herufi mara moja na nusu anakipata bila kuvunjika. Na vina vya kati vinashuka kwenye safu yao, vina vya mwisho kwenye safu yao, kwa hiyo jicho linaona milingoti miwili mahali ambapo utenzi una mmoja. Yule kijana wa Yeoville nilimpa shairi jingine likiwa limepangwa hivyo, bila kumwambia ni bahari gani. Alihesabu kwa kidole kwenye kioo, akasema tarbia.